Mwenye Kanda wa Iftin

Sikuwahi kumsikia akisifu kitu moja kwa moja. Ungemletea kanda iliyotoka Nairobi juzi tu, ambayo vijana wote wa mji wanaiimba kana kwamba wamezaliwa nayo, naye angeitia kwenye mashine, akafumba jicho moja, akasikiliza ubeti mmoja na nusu, kisha akabonyeza kitufe. "Hii haina mfupa," angesema. Hukumu imepita, na wewe mwenye kanda urudi nyumbani na aibu yako.

Tulimwita Mwenye Kanda. Duka lake lilikuwa mtaa wa Iftin, hapa Garissa, kati ya fundi viatu na mama mmoja wa maziwa ya ngamia. Mbele palikuwa na kibanda cha mabati, nyuma chumba kidogo chenye pazia la kijani, na ukuta mzima ulijaa kanda alizozinakili mwenyewe na kuziandika kwa wino mwekundu. Ukoo wake sitautaja. Kwetu mtu akianza na ukoo hamalizi kabla ya chai kupoa. Itoshe kusema alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vyembamba na ndevu za hina, na kwamba katika miaka ile ya mwanzo wa tisini hapakuwa na mtu Garissa aliyejua muziki kumshinda, naye alilijua hilo vizuri mno.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimemaliza chuo juzi, na nilifundisha Kiswahili. Kwa hiyo nami alinisemesha Kiswahili kwa makusudi, ingawa sote wawili ni Wasomali na tungeweza kusemezana Kisomali bila kujikwaa. Alisema wateja wake ni madereva, askari na makarani kutoka bara, na kwamba lugha ni kama kisu, isiponolewa haikati. Mimi nilimnolea, naye akanilipa kwa maoni. P zake zilikuwa B na V zake zilikuwa F. "Biga bicha," angesema, nami nikamsahihisha, naye akarudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi.

Maoni yake juu ya muziki yangejaza daftari. Nyimbo za Kisomali za siku hizo zilikuwa zimeanza kupigwa kwa kinanda cha umeme badala ya kaban, ule udi wetu wa nyuzi, na hilo alilichukulia kama msiba wa kifamilia. Waimbaji waliokimbia vita upande wa pili wa mpaka walifika na sauti zao nzuri, akasema, lakini nyuma yao mtu mmoja anabonyeza vitufe kama anayepiga hesabu. Muziki wa Wakongo aliukubali nusu: gita sawa, lakini wimbo wa robo saa ni wa mtu asiye na mifugo ya kunywesha. Na wale vijana wa Nairobi walioanza kughani kwa Kiswahili na Sheng, ambao mimi niliwapenda sana hata nikawaficha kwenye droo ya mezani shuleni, alisema wanagombana na mtu ambaye hayupo. Nilimjibu kwamba huo ndio utamu wake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akila udongo.

Filamu alizipenda zaidi ya alivyokiri. Palikuwa na banda la video karibu na soko, na alasiri alikwenda huko akakaa mstari wa mbele, miguu imenyooka, asiyejali waliokaa nyuma. Filamu za Kihindi alizifuata mpaka wimbo wa nne, kisha akatoka. Alidai kwamba baada ya wimbo wa nne hakuna jambo jipya: mama atamtambua mwanawe kwa alama ya kuzaliwa na polisi watafika wakati kazi imekwisha. Filamu za Wamarekani, za yule mtu mmoja anayemaliza jeshi zima, zilimkasirisha kwa sababu ya risasi. "Mwalimu, mimi nilihesabu," aliniambia siku moja. "Bunduki moja, risasi tisini, na yeye hajabadilisha kitu. Hii fideo inadharau mtu ambaye ameshika bunduki." Nikamuuliza yeye aliishika wapi. Akaanza kufuta vumbi kwenye mashine.

Kisha ikaja ile michezo ya mkononi, kidude cha plastiki chenye kioo kidogo na matofali yanayoshuka, unayapanga yakipangika. Watoto wangu wa darasa la sita walikuwa nayo mitatu, na nilikuwa nimeikusanya yote kwa fimbo. Mwenye Kanda aliilaani. Alisema ni mchezo wa kwanza duniani usiokuwa na mshindi, kwamba hata ukiwa hodari vipi matofali yatajaa tu, na mtu anayecheza mchezo ambao mwisho wake ni kushindwa amejizoesha kushindwa. Nililiona neno zito, nikalirudia mbele ya wanafunzi wangu. Wiki hiyohiyo nilipita dukani bila kubisha, nikasikia kile kimuziki kidogo kikilia chini ya meza. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, ulimi nje, na alama alizokuwa amefikisha hakuna mtoto wangu aliyewahi kuzifikisha.

Ndivyo alivyokuwa. Ungemkuta na doa ukacheka, lakini hukumwita mwongo, kwa sababu lilikuwapo jambo moja ambalo katika hilo alikuwa mnyoofu kuliko imamu, au sote tuliamini hivyo. Jambo hilo ni amana.

Wasiotoka kwetu huenda hawajui kwamba miaka ile barua zetu zilikuwa kanda. Mama zetu wengi hawakujua kuandika, na hata waliojua hawakuona maana ya kumwandikia mtu karatasi ilhali unaweza kumpelekea sauti. Ulikaa mbele ya mashine, ukasema salamu, ukalia ukitaka, ukaeleza ngamia gani amezaa na nani ameolewa, na kanda ikasafiri mfukoni mwa msafiri mpaka Jidda au London. Mwenye Kanda alikuwa na chumba cha kazi hiyo. Alikuingiza nyuma ya pazia, akakuonyesha kitufe cha kubonyeza, kisha yeye akatoka nje kabisa, akakaa juu ya kreti la soda mbele ya duka ambapo kila mtu anamwona. Ukimaliza, alichukua kanda mbele ya macho yako na kuvunja kwa ncha ya bisibisi vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, ili asiweze mtu kurekodi juu yake. Alivitia mkononi mwako. Watu walivihifadhi kama risiti.

Nilimwona mwenyewe akimfukuza dereva mmoja wa lori aliyetaka kusikilizishwa kanda ya mkewe kabla haijakwenda kwa shemeji yake. Dereva alimwekea noti mezani, Mwenye Kanda akaipuliza ikaanguka chini. Alimwambia kwamba sauti ya mtu iliyofungwa ni kama mwanamke aliye ndani ya nyumba yake, huingii bila kuitwa. Jambo hili lilizungumzwa Iftin mwezi mzima, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolitangaza kwa fahari.

Ndiyo maana nilimpeleka hooyo kwake.

Hooyo, mama yangu, alikuwa mtunzi. Alitunga buraanbur, mashairi ya wanawake, na katika harusi za Iftin walimngoja yeye. Lakini alikuwa mtu wa kufunga mdomo juu ya mambo yake. Baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa Rhamu, kule kaskazini kwenye mto Daua, na zamani lori lake lilifika Garissa kila Alhamisi. Alipooa mke wa pili hukohuko Rhamu, Alhamisi ikawa ya kila mwezi, kisha ya Idi, kisha hakuna. Wanawake walipomuuliza hooyo, alisema mume ni wa Mungu na alhamdulillahi, akawamiminia chai. Hata mimi, niliyebaki naye nyumbani, sikuwahi kuona chozi lake.

Kaka yangu alikuwa Arabuni miaka mitatu. Alimwomba hooyo kanda, na hooyo akakataa. Alisema mashine haina masikio lakini ina mdomo. Nikambembeleza. Nilimwambia habari ya dereva na noti, nikamwambia habari ya vimeno, nikamwapia kwa Mungu kwamba mtu yule ni salama. Alikubali mwishowe, nadhani kwa sababu alichoka na mimi.

Alikaa nyuma ya pazia asubuhi nzima ya Jumamosi. Mimi na Mwenye Kanda tulikaa nje juu ya makreti tukibishana juu ya filamu moja ambayo yeye hakuimaliza. Hatukusikia neno. Hooyo alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na uso wake mwepesi, kana kwamba ametua mzigo wa kuni. Vimeno vikavunjwa. Akavifunga kwenye pindo la shuka.

Miezi minne baadaye tulikuwa harusini, wanawake peke yetu, alasiri, uani kwa jirani. Msichana mmoja mgeni kutoka Rhamu akaombwa atoe shairi. Akasimama, akapiga kofi la mwanzo, akaanza:

"Alhamisi nafagia ua mara mbili,
mgeni wangu ni vumbi, nalo sikulialika."

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikulijua shairi lile, lakini niliijua sauti iliyokuwa nyuma yake, namna ya kukata pumzi katikati ya mstari. Nikamgeukia hooyo. Kikombe chake kilikuwa hewani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi chini. Msichana aliendelea beti sita au saba, kila ubeti ukimvua mama yangu nguo moja. Alipomaliza waliuliza amelipata wapi, naye akasema limo kwenye kanda, Rhamu nzima wanayo, madereva wanaipiga, na yuko bibi mmoja kijana, mke wa mfanyabiashara, ambaye amelishika lote kwa moyo na huliimba akifagia uwanja wake huku akicheka. Msichana wa watu hakujua. Alikuwa anatuburudisha.

Hooyo aliweka kikombe chini, akamwombea bibi harusi baraka kama desturi, akatoka. Nilimkuta njiani.

"Nani alikuwa ndani ya chumba kile?" akaniuliza.

Nikasema hakuna, hooyo, tulikuwa nje, mimi na yeye, watu wote walituona.

"Basi ni wewe au ni yeye," akasema, akaenda zake. Hakunisubiri.

Nilikwenda Iftin siku ileile, nguo za harusi mwilini. Sikumsalimu. Nilimwambia alete kanda ya mama yangu. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Alinyoosha mkono akaitoa rafu ya tatu, kati ya mwimbaji maarufu wa Mogadishu na kwaya ya maulidi, na ubavuni ameiandika kwa wino mwekundu neno moja: Hooyo. Aliniambia kwamba kila kanda ya amana alikuwa akiisikiliza kidogo kabla haijasafiri, kuhakikisha sauti imeshika, dakika moja tu. Hii hakuweza kuizima. Aliisikiliza mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akainakili, na nakala akawauzia madereva.

"Mwalimu," akasema, "miaka ishirini mimi nasikiliza watu. Hakuna mtu mmoja aliimba hivi. Hii iko na mfupa. Nilifikiri, kama itaenda Arabuni kwa kijana mmoja, aisikie mara moja, iishe, hiyo ndiyo dhambi. Na sikuongeza kitu. Hata kinanda sikuweka."

Sifa yake ya kwanza maishani, na ilitoka kwenye wizi. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu jambo la maana. Nilimwambia amemwaga mtama kwenye kuku wengi, msemo ambao nilikuwa nimeufundisha darasani Jumatatu ile, na nikautamka kama mtoto anayekariri. Yeye akasema "bole, mwalimu, bole sana," na alimaanisha, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alinisikitikia mimi, lakini kitendo chenyewe hakukisikitikia hata kidogo. Nikaitupa kanda chini nikaikanyaga. Ilikuwa nakala moja tu kati ya nyingi, na sote tulijua.

Nilimrudishia hooyo jibu: ni yeye, hooyo, amekiri. Alitikisa kichwa. Nilingoja aniambie basi, si wewe, mwanangu. Hakusema siku ile, wala mwaka ule. Hakunilaumu tena, lakini mimi ndiye niliyempeleka, na hilo lilikaa kati yetu kama mgeni asiyeaga. Baba alituma watu kutoka Rhamu kusema ameaibishwa, yeye! Hooyo hakutunga tena. Harusini walipomwomba, alisema amesahau. Kaka yangu alipoomba kanda nyingine, hooyo alinituma nimwandikie barua, na barua zake zilikuwa mistari mitatu: sote wazima, mvua imekuja au haijaja, mche Mungu.

Hooyo alifariki miaka sita baadaye, kwa homa, wiki ya mwisho wa mvua zile kubwa zilizokata barabara. Baada ya arobaini nilitafuta sauti yake nikakuta sina. Kaka yangu, nilipompata kwa simu, alisema mashine iliila ile kanda ya asili zamani. Aliisikiliza mara mbili tu, akalia mara zote mbili, na zaidi ya Alhamisi na vumbi hakukumbuka neno. Nakala za sokoni zilikuwa zimefutwa na nyimbo mpya. Basi mtu pekee duniani ambaye angeweza kunirudishia mama yangu alikuwa yule niliyeapa sitamtazama.

Sikumtafuta. Nilikutana naye. Nilitumwa Sangailu kusimamia mtihani, na saa saba mchana, nikipita mbele ya duka moja, nikamwona amekaa kwenye benchi, redio ndogo sikioni. Duka la Iftin lilikuwa limefungwa, na sasa aliishi kwa binti yake. Ndevu zilikuwa zimekosa hina. Alinitambua kabla sijaamua kama nijitambulishe.

Alianza na maoni, kama kawaida yake. Mpwa wake wa Nairobi amemwambia ziko kompyuta zinazopokea nyimbo kupitia waya wa simu, bila kanda wala sahani, mtu yeyote anachukua. Aliona ni balaa. "Nyimbo ambayo haiko ndani ya kitu," akasema, "nani ataichunga?" Nilimtazama nisiamini kwamba maneno hayo yametoka kwenye mdomo ule. Nikamwambia hooyo amefariki. Akaizima redio, akasema inna lillahi, kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na kanda moja.

"Hii ndiyo nakala ya kwanza," akasema. "Sijauza. Chukua, abaayo."

Dada, aliniita. Sikumshukuru. Nilimwambia aiweke kwenye mashine, palepale, na mtoto wa duka akaleta betri.

Hooyo alianza kusema. Sauti ilikuwa ya kijana kuliko nilivyoikumbuka. Salamu, dua, habari ya mbuzi, kisha shairi lote la Alhamisi, ambalo sasa nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwake mwenyewe. Nililia, na sikuona haya mbele ya mtu yule. Kisha shairi likaisha, akasema kwa sauti ya kawaida, ya jikoni: "Hooyo..." Na kanda ikanyamaza. Ikarudi: "...wewe ndiye macho yangu, na sijui kukwambia."

Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lilelile ambalo mwana humwita yeye. Mimi namwita hooyo, naye ananiita hooyo, na kaka yangu vilevile. Jina hufuata baadaye, ili mtoto ajue ni yupi anayeitwa.

Nikamuuliza hapa pana nini. Akaniambia alipokuwa akinakili alishusha sauti kila palipotajwa jina, ili watu wasijue ni nyumba gani. "Nililinda nyinyi," akasema. Kweli, sokoni hapakuwa na jina hata moja, ndiyo maana yule msichana wa Rhamu hakujua.

"Hapa alitaja nani, adeer?" Ami, nilimwita.

Alifumba jicho moja, kama zamani. Akairudisha, akasikiliza, akairudisha tena.

"Wallahi, sikumbuki," akasema. "Ilikuwa jina tu."

Niliichukua kanda, nikaenda kusimamia mtihani. Ninayo mpaka leo. Ukimya ule ni mfupi, na nimeusikiliza mara nyingi kuliko shairi. Nikiwa peke yangu huurudisha, nikalitamka jina langu ndani yake, na linaingia. Kisha nalitamka la kaka yangu, ambalo ni refu kidogo. Nikilisema haraka, nalo pia linaingia.